Ekseli ya Gari Lililokufa

Ukifika Kariakoo, Dar es Salaam, na mkokoteni ukasimama mbele yako kwenye msongamano, usiangalie mzigo. Mzigo kila mtu anauona: magunia ya viazi, majokofu matatu yaliyofungwa kamba, marobota ya mitumba yaliyopangwa hadi yakamzidi kimo anayeyavuta. Inama uangalie chini, katikati ya magurudumu mawili. Mara nyingi utakuta chuma kinene kilichotuna katikati kama nyoka aliyemeza yai. Tumbo hilo ni difu. Chuma chote ni ekseli ya nyuma ya gari ambalo injini yake ilizimika zamani, bodi ikauzwa kwa kilo, na viti pengine viko kwenye kijiwe cha kahawa mahali fulani. Gari lilikufa. Ekseli haina habari.

Nataka kusimulia historia ya chuma hicho kwa sababu kinagusa swali linalorudi kila baada ya muda kwenye mabishano yetu ya mtandaoni, mara nyingi likiwa na kejeli ndani yake: kwa nini watu wa bara, kuanzia Ugogo hadi Maziwa Makuu, hawakuwa na gurudumu kabla ya wakoloni? Wenye hasira hujibu haraka kwamba Wamisri walikuwa na magari ya vita yaliyovutwa na farasi zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Ni kweli, lakini aliyeuliza habari za Unyamwezi hajajibiwa kwa kupewa habari za Misri.

Naona swali lenyewe limeshika mahali pasipo. Gurudumu ni rahisi. Mtoto wa miaka saba hulikata kwenye kandambili iliyochakaa, akalichomeka kwenye waya, na jioni gari lake liko barabarani. Mafundi wa Mexico ya kale walifinyanga vinyago vya wanyama vyenye magurudumu manne, na bado mizigo ya nchi yao ilipanda milima migongoni mwa watu, kwa kuwa hawakuwa na ng'ombe wala farasi wa kuvuta. Kazi ngumu iko kwenye ekseli: kile kiti cha mti au chuma kinachopita katikati, kikabeba uzito wote, na papo hapo kikaacha magurudumu yazunguke. Ukiichonga nyembamba, inavunjika. Ukiichonga nene, msuguano unaongezeka na mnyama anachoka kabla ya mchana. Tundu likibana, gurudumu haliendi. Likilegea, linapepesuka na kujila lenyewe hadi linapata umbo la yai. Na mchanga ukishaingia, kila hatua ni tupa inayosaga mti.

Mwaka 2002 wanaakiolojia walifukua kwenye ardhi ya majimaji karibu na Ljubljana, Slovenia, gurudumu la mbao pamoja na ekseli yake, vyenye umri wa karibu miaka 5,150. Ekseli ni ya mwaloni, urefu wake sentimita 124 hivi, na tundu la gurudumu ni la mraba. Maana yake vyote viwili vilizunguka pamoja, kama vile vya garimoshi. Fundi yule alishalifahamu tatizo, akachagua mti mmoja kwa gurudumu na mwingine mgumu kwa ekseli. Lakini alikuwa na mambo mawili ambayo hayakutoka mikononi mwake: mnyama wa kuvuta na ardhi ya kupitia.

Hapa kwetu mambo hayo mawili yalijaribiwa hadharani, na waliojaribu hawakuwa watu wa kuambiwa hawajui gurudumu. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society, aliyekuwa amezoea magari ya maksai huko kusini mwa Afrika, alitoka Saadani na maksai wachache hadi Mpwapwa ili kuona kama njia inafaa. Maksai walifika. Price akaridhika, na mwaka 1877 msafara wa magari ya maksai ukaondoka pwani kuelekea Ziwa Tanganyika. Mbung'o walikuwa wanausubiri. Wanyama walianza kufa njiani, na kabla safari haijafika mbali magari yale mazuri, yenye ekseli zilizotengenezwa na mafundi wa kulipwa vizuri, yakageuka kuwa mbao nzito zilizokaa porini. Wenzake walioendelea mbele hadi kufika Ujiji mwaka 1878 walifika kwa njia ya kawaida, yaani kwa miguu, nyuma ya wapagazi.

Mmoja wa waliofika alikuwa Edward Hore, baharia. Miaka michache baadaye alirudi pwani kuchukua boti ya chuma kwa ajili ya ziwa. Aliipakia vipande vipande juu ya vigari vya magurudumu, na safari hii hakutegemea maksai. Vigari vilivutwa na watu hadi Ujiji, vikafika mwaka 1883. Kisha mkewe, Annie Hore, akaja naye akiwa kwenye kile kiti cha magurudumu ambacho Waingereza walikitumia kuwasukuma wagonjwa wao mjini, na mwaka 1886 akachapisha kitabu kuhusu safari hiyo. Sehemu kubwa ya njia kiti kilikuwa juu ya mabega ya wapagazi. Kila nikifikiria picha hiyo nacheka kidogo, halafu naacha kucheka: kiti kilichoundwa kwa ajili ya magurudumu kimebebwa na watu ambao, kwa mujibu wa kejeli, ndio wasiojua gurudumu.

Mpagazi wa enzi hizo alibeba takriban frasila mbili, karibu kilo 32, mbali na chakula na mkeka wake. Alipita kwenye kijia cha upana wa mtu mmoja, kinachozunguka kila mti ulioanguka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kuukata. Njia ya namna hiyo humkubali mtu na kuikataa ekseli. Palipokuwa na baridi na mbung'o wakakosekana, hesabu ilikuwa tofauti: Makaburu waliohamia Uasin Gishu mwaka 1908 waliingia na magari ya maksai, yakazama kwenye matope, yakavutwa, yakafika.

Kisha vita vikaja. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nairobi nao wana Kariokor yao. Malori yalikuwepo tayari katika vita hivyo. Mvua ziliponyesha yalikwama, na jeshi likarudi kwenye kichwa na bega la Mwafrika. Makumi ya maelfu ya wabeba mizigo walikufa, wengi wao kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Eneo la Dar es Salaam lililobeba jina lao ndilo leo limejaa mikokoteni kuliko pengine popote nchini. Sijui kama kuna mnara wa kumbukumbu unaosema zaidi ya hapo.

Amani iliporudi zikaja barabara za magari, na pamoja nazo neno letu likabadilika. Gari tulilitoa kwa Wahindi, na kwao lilikuwa kitu cha kuvutwa na ng'ombe muda mrefu kabla ya injini. Ekseli nayo ilikuwa imepita safari ya kushangaza. Henry Timken alikuwa mtengenezaji wa magari ya farasi mjini St. Louis, Marekani. Shida yake ilikuwa ileile ya fundi wa Ljubljana: gari likikata kona na mzigo mzito, gurudumu linasukumwa pembeni, na ekseli inajisaga. Mwaka 1898 alipata hataza ya beringi yenye vigololi virefu vilivyochongoka kidogo upande mmoja, vilivyopangwa kwa mshazari, ambavyo hubeba uzito wa juu na msukumo wa pembeni kwa wakati mmoja. Ilibuniwa kwa ajili ya farasi. Magari ya injini yakaichukua, yakaifungia ndani ya chuma, yakaizungushia grisi na sili za kuzuia vumbi, yakaisambaza duniani kote.

Ndipo gari la kwanza likafa, mahali ambapo hakuna aliyeweza kununua la pili.

Wazo la kuchomoa ekseli ya gari bovu na kuifunga nyuma ya mnyama halikuzaliwa Gerezani wala Gikomba peke yake. Limezaliwa mara nyingi, kila mahali ambapo magari yalifika mapema kuliko pesa za mafuta. Huko North Carolina, Marekani, katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, bei ya pamba iliporomoka na wakulima wakashindwa kulipia petroli. Walikata magari yao, wakachukua ekseli ya nyuma na matairi yake, wakapachika ubao juu na nyumbu mbele. Wakaliita gari la Hoover, kwa kumkejeli rais wao Herbert Hoover. Kanada, wakulima wa nyanda za magharibi waliondoa injini na kufunga farasi mbele ya gari zima, na kejeli ikamwendea waziri mkuu wao, R. B. Bennett. Beringi ya Timken ikawa imerudi nyumbani kwa farasi baada ya miaka 30 na ushee.

Wamarekani hawajaiacha kabisa tabia hiyo. Huko vijijini, wanaopasha nyumba zao joto kwa kuni hujiundia mashine ya kupasulia magogo: bomba la haidroliki linalosukuma gogo dhidi ya kabari ya chuma. Mashine hiyo ni nzito, na mti haumfuati mtu nyumbani, kwa hiyo lazima mashine iufuate mti. Hapo mwenyewe huanza kutafuta ekseli. Anayepata ile ya nyuma ya gari la zamani hukuta ni pana mno kwa njia za msituni, akaikata na kuiunga upya. Mwingine huchukua stabu mbili zenye habu zake, akazichomelea kwenye ncha za bomba nene. Lazima azinyooshe sawasawa kabla ya kuchomelea, kwani stabu ikipinda kidogo tu tairi litajisugua barabarani hadi liishe. Springi huziacha nje, tairi peke yake likafanya kazi ya kumeza mashimo. Ekseli hukaa nyuma kidogo ya kitovu cha uzito, ili asilimia 10 hadi 15 ya mzigo iulalie mkono wa kuvutia. Bila hivyo tela huyumba nyuma ya gari kama mlevi.

Sheria zote hizo fundi wa mikokoteni wa Dar es Salaam au Nairobi anazijua, na hakuzisoma. Anaponunua ekseli ya nyuma hufungua difu na kutoa gia inayopokea nguvu kutoka kwa injini, kwa kuwa sasa ni uzito wa bure unaoleta ukinzani. Ngoma za breki mara nyingi hubaki kama sehemu ya habu, ingawa breki zenyewe hazifanyi kazi tena. Juu hufunga fremu ya mbao au ya chuma cha pembe, kwa bolti zilizokunjwa mithili ya herufi U. Kisha hutafuta mahali pa kuiweka ekseli, na hapo ndipo tofauti na Mmarekani inapoonekana, kwa sababu kinachoulaliwa na mzigo hapa ni mikono ya mtu. Ukiweka nyuma sana, mvutaji anasaga magoti. Ukiweka mbele sana, mkokoteni ukipakiwa vibaya unamnyanyua hewani kama mtoto kwenye bembea. Nairobi, kwenye miteremko, wameligeuza balaa hilo kuwa breki: vipande vya matairi hupigiliwa nyuma, chini ya fremu, na mvutaji akitaka kusimama huinua mikono ya mkokoteni ili mkia uburuze lami.

Uzuri wa ekseli ya gari uko katika hesabu ndogo. Iliundwa kubeba uzito unaokaribia tani moja au zaidi kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Mvutaji anakwenda mwendo wa mguu. Beringi iliyochoka kwa gari, inayolia barabara kuu, huweza kumtumikia mvutaji kwa miaka bila kupata joto. Ikipata grisi na isipoingiwa na maji, itawaona wamiliki watatu. Na mkokoteni ukibeba kilo 500, umebeba mzigo wa wapagazi 15 wa enzi za Hore.

Wataalamu walikuwa na mpango mwingine. Arusha kulikuwa na kituo cha serikali cha kupima zana za kilimo, TAMTU, ambacho baadaye kiliingizwa katika CAMARTEC, iliyoundwa mwaka 1981. Miaka ya 1960 na 1970, enzi ambazo kitabu cha E. F. Schumacher cha 1973 kilikuwa kinawafundisha vijana wa Ulaya kwamba kidogo ni kizuri, wataalamu wa teknolojia rahisi walitamani mkokoteni wa ng'ombe ambao kijiji kingeutengeneza chenyewe, kwa mbao zake. Magurudumu ya mbao. Na beringi za mbao pia: unachukua kipande cha mti mgumu, unakichemsha kwenye oili chafu ya injini hadi kinywe, unakitoboa, unakizungushia bomba la chuma. Mbinu hiyo ilifanya kazi, wala siandiki kuibeza. Ilikuwa na heshima ndani yake, ya kuamini kwamba seremala wa kijiji anatosha.

Lakini seremala wa kijiji alikuwa na macho. Aliona mjini kuna ekseli isiyohitaji kuchongwa upya kila beringi inapolika, yenye matairi ya upepo yasiyozama mchangani, ambayo kasoro yake moja ni bei. Akaanza kuweka akiba. Mwaka 1988 Paul Starkey, mtafiti wa wanyamakazi, alichapisha uchunguzi wake juu ya kifaa kingine cha wataalamu, fremu ya magurudumu ambayo ingelima, ingepanda na kupalilia kwa kubadilisha vyuma tu. Ilibuniwa na kuboreshwa kwa miaka 30, katika nchi nyingi za Afrika na kwingineko, na zilitengenezwa zaidi ya 10,000. Alikuta wakulima wameziacha, au wamezigeuza kuwa mikokoteni. Yaani walitupa jembe na palizi, wakabaki na ekseli na magurudumu. Sidhani kuna kura ya maoni iliyo wazi kuliko hiyo.

Siku hizi wapo wanaousifia mkokoteni kama ubunifu wa kijana wa mtaani, na picha zake hupendeza kwenye maonyesho ya wageni. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, ndiyo iliyofungua mlango wa kuiheshimu kazi ya jua kali, na ilifanya jambo jema. Ila sifa nyingine zinanikera. Ekseli iliutoa mzigo kichwani, na hiyo si zawadi ndogo kwa shingo ya mtu. Haikumtoa mtu. Mkokoteni uliundwa ili ng'ombe akae pale mbele, kati ya miti miwili. Mjini ng'ombe hayupo, na nafasi yake imejazwa na baba wa watoto wanne anayelipwa kwa safari. Hata jina halijaficha kitu: mkokoteni ni cha kukokotwa. Askari wa jiji humfukuza kwa kuzuia magari, na dereva humpigia honi kwa kwenda polepole akiwa amebeba ekseli ya gari kama lake.

Na washindani wake hawana ekseli ya kurithi. Toyo ya magurudumu matatu na kirikuu vimechukua safari ndefu, vikamwachia vichochoro na mizigo ambayo haistahimili bei ya mafuta.

Zaidi ya hayo, ekseli zenyewe zinakwisha. Land Rover, Datsun na Peugeot 504 za pikapu zilisukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo kila moja ilipokufa iliacha chuma kizima kutoka tairi hadi tairi. Magari madogo ya Kijapani yaliyojaa barabara zetu, Vitz, IST, Passo, huvutwa na magurudumu ya mbele. Nyuma yana boriti nyepesi iliyokunjwa na habu mbili tu. Fundi wa leo hufanya kama Mmarekani wa kuni: anakata stabu, ananyoosha, anachomelea kwenye bomba. Mkokoteni unaotoka hapo ni mwepesi zaidi, na usalama wake wote umo katika mshono wa moto wenye upana wa kidole.

Ekseli nzima iliyobaki ina mteja mwingine mwenye nguvu, naye ni tanuru. Chuma chakavu huyeyushwa kuwa nondo, na nondo zinajenga maghorofa. Kenya, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani Januari 2022, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya chuma chakavu. Zuio liliondolewa Mei. Katika miezi hiyo aliyeiba nguzo ya umeme na aliyetafuta ekseli ya Datsun waliwekwa kwenye kapu moja, ingawa mmoja alitaka chuma kife na mwingine alitaka kiendelee kuzunguka.

Biashara imerudi, na kwenye mizani ya skrepa wateja hao wawili wanakutana tena. Mnunuzi wa tanuru anauliza kilo ngapi. Fundi wa mikokoteni anaiinua ekseli ncha moja, anaiegemeza kwenye goti, anaizungusha habu kwa mkono na kusogeza sikio. Akisikia mchanga, anaiacha ilipo. Isipotoa sauti, anauliza bei.